Tumbo Halikuulizwa

Inspekta Kokuberwa alivua viatu chini ya meza, akavisukuma kwa vidole vya miguu mpaka vikaangukiana. Viatu na miguu yake vilikuwa vimechokana tangu Jumatatu, na hakuona sababu ya kuendelea kuvilazimisha kuishi pamoja. Mbele yake alikaa nesi Rahima, aliyetolewa mahabusu asubuhi hiyo aje kuhojiwa, ushungi umekwenda upande, macho yamevimba.

"Tuanze tena, mwanangu," alisema Kokuberwa. "Na usilie. Ukilia nitakuonea huruma, na huruma inanichosha kuliko kupanda ngazi."

"Nimeshaeleza yote, afande."

"Ulimweleza mkuu wa upelelezi. Yule husikiliza huku akisoma simu. Nieleze mimi."

Kwenye kona Sajini Mustapha alifungua kalamu. Alikuwa mzaliwa wa mtaa wa Bakoba, mjukuu wa mfanyabiashara aliyekuja kutoka Tanga kuuza vitambaa, akaonja ndizi za Bukoba, akasahau njia ya kurudi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Pale mtaa wa Bilele kulikuwa na kliniki ya vidonda ya Daktari Kamala, iliyopewa kibali cha kujaribu tiba mpya kwa watu wenye vidonda sugu, vile vinavyokaa mguuni mpaka watoto wa nyumbani wanavipa jina. Mgonjwa hunyonywa mafuta kidogo chini ya ngozi ya tumbo. Mafuta hupelekwa maabara Dar es Salaam, na huko huchujwa seli shina, yaani zile seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini maishani. Hulelewa majuma kadhaa, zikirudi huwekwa kwenye kidonda ili ziuamshe mwili uote nyama na ngozi. Sharti la kibali lilikuwa moja: mafuta yawe ya mgonjwa mwenyewe.

Mzee Rugambwa, mkulima wa kahawa wa Kamachumu, wilaya ya Muleba, aliwekewa zake. Badala ya kupona, mguu ukavimba, ukatoa usaha, homa ikampanda, akalazwa. Maabara ikapima vinasaba vya akiba iliyobaki na kujibu kwamba mafuta yale hayakuwa yake hata kidogo. Mwanawe Mushumbusi, mwenye maduka Mwanza, akafungua jalada siku hiyo hiyo: nesi kachanganya chupa, au kafanya ujanja. Aliyebandika jina kwenye chupa alikuwa Rahima. Kesho asubuhi Rahima angepandishwa kizimbani, na mkuu wa upelelezi alishachagua tai ya kuvaa.

"Siku ile walitolewa mafuta wagonjwa wangapi?" aliuliza Kokuberwa.

"Yeye peke yake. Ningemchanganya na nani?"

"Na Buberwa je?" Mustapha alidakia. "Yule mwenye bucha. Alionekana kliniki siku hiyo hiyo."

"Alikuja kuomba anyonywe kitambi kipungue. Daktari akamfukuza."

"Hayo tutayaona," alisema Kokuberwa. "Uso wa mzee Rugambwa uliuona?"

"Alivaa barakoa na kofia. Sote tulivaa barakoa, afande. Nilimlaza, nikamfunika yale mashuka ya kijani, nikaacha dirisha la tumbo. Daktari akaingia, akanyonya, akatoka. Nikashona tundu kwa uzi mmoja wa bluu, nikamfunga mkanda wa kubana tumbo, nikabandika jina kwenye chupa."

"Na mguu?"

"Ulikuwa na bendeji. Siku ya mafuta haufunguliwi. Aliporudi kuwekewa seli ndipo nilishughulika na mguu, tumbo sikuligusa. Nilimuuliza habari ya uzi, akasema walimtolea zahanati ya kwao." Rahima akaongeza polepole, kana kwamba ndiyo kwanza anajisikia: "Kwa kweli mzee yule nimemjua nusunusu. Siku moja tumbo, siku nyingine mguu."

Mustapha alicheka. Kokuberwa hakucheka. Alichukua kalamu ya sajini, akaandika maneno hayo yeye mwenyewe.

"Tumbo lilikuwaje?"

"Zuri."

"Zuri namna gani? Tumbo la mzee?"

"Kwa kazi yetu, zuri. Mafuta tele, daktari hakuhangaika. Na pembeni mwa kitovu lilikuwa na kovu la zamani, dogo, kama punje ya kahawa. Nikajua ni chale za mganga."

Kokuberwa alianza kutafuta viatu vyake kwa miguu. Kimoja kilikuwa kimeshakimbilia chini ya kabati.

*

Buberwa walimkuta buchani kwake, Bakoba, nyuma ya paja la ng'ombe lililoning'inia. Alikuwa mtu mzima aliyenenepa kwa bidii.

"Inua shati," alisema Kokuberwa.

"Afande! Mbele ya wateja?"

"Geukia ukuta. Nitakuja huko huko."

Aliinua. Lilikuwa tumbo safi, laini, kama la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Halikuwa na kovu, wala tundu, wala chale. Kokuberwa aliliinamia, akalizunguka, akanyooka huku mgongo ukimlalamikia.

"Shusha. Samahani kwa usumbufu."

"Mnatafuta nini kwani?"

"Mwenye mafuta yaliyowekwa kwenye kidonda cha mtu."

Buberwa alichomeka shati taratibu. Uso ulikuwa umemshuka. "Yaani nilikwenda kuwapa bure wakakataa, na mnaniambia hata kuibwa hayakuibwa?"

"Hata kuibwa," alisema Mustapha. "Pole, mzee wangu."

*

Hospitalini Daktari Kamala alikuwa amekaa kwenye benchi la wodi. Kwa sura yake hakuwa amelala siku mbili.

"Mafuta ya mtu mwingine si sumu," alisema kabla hajaulizwa. "Wapo wanaoyafanyia utafiti. Lakini mtoaji hupimwa kwanza magonjwa yote. Huyu sijui ni nani wala ana nini. Natibu huku nimefumba macho. Nipatieni mwenyewe, nimpime damu, nijue napambana na kitu gani. La sivyo, wenzangu wa upasuaji wameshaanza kuzungumzia kukata."

"Mara ya kwanza alipokuja ulimkataa," alisema Kokuberwa.

"Alikuwa ngozi na mifupa. Pa kuchoma sindano sikupaona. Nikamwambia akale, anenepe, arudi."

"Akarudi?"

"Upesi. Na kitambi."

"Hukushangaa?"

Daktari alipangusa uso. "Afande, wagonjwa wangu hawafuati ushauri. Mmoja alipofuata sikutaka kumharibia kwa maswali."

Mzee Rugambwa alikuwa kitanda cha dirishani. Mwanawe Mushumbusi alisimama pembeni na simu mbili mkononi. Kokuberwa alipiga goti kidogo, kama magoti yalivyomruhusu, akamwamkia Kihaya kama baba yake.

"Kaboneka, tata. Naomba nione tumbo lako."

Mzee hakukataa. Shuka lilipoinuliwa, lilionekana tumbo lililobonyea kama sahani, mbavu zinahesabika. Pembeni mwa kitovu lilikuwepo kovu la zamani, dogo, mfano wa punje ya kahawa.

Mustapha alimnong'oneza inspekta. "Kovu lipo. Kumbe ni yeye."

"Kovu lipo. Tundu la daktari liko wapi?"

Tundu halikuwepo. Alama ya uzi haikuwepo pia. Kokuberwa alishusha shuka, akalipapasa liwe sawa.

"Tata, mwenzako yuko wapi?"

"Sina mwenzangu," alisema mzee, akageukia ukuta.

"Kuna binti kalala mahabusu kwa ajili yenu."

Mzee alijibu bila kugeuka. "Mungu anamwona."

"Mungu anamwona. Hakimu wa kesho ndiye hatamwona."

Kokuberwa alimvuta Mushumbusi hadi kwenye ukumbi.

"Baba yako ana ndugu?"

"Hapana. Alizaliwa peke yake."

"Mlipokuwa wadogo, nani alikuwa anakuja nyumbani anakula bila kukaribishwa?"

Mushumbusi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje Bukoba. "Huyo ni baba mdogo Mwijage. Yuko kule kule Kamachumu. Ndiye aliyenilipia nauli ya kwanza ya kwenda Mwanza."

"Baba mdogo wa namna gani, na wewe umesema baba yako kazaliwa peke yake?"

Simu moja ya Mushumbusi iliita, hakuipokea. "Sisi tumekua tunamwita hivyo," alisema. "Sikuwahi kuuliza."

"Mwanza imekulea vizuri," alisema Kokuberwa, akaondoka.

*

Garini Mustapha alivumilia mpaka walipoanza kupanda milima ya Muleba.

"Mama, nifumbulie. Mimi kwetu tunakula pilau, mambo ya makovu siyajui."

Alikuwa akimwita mama pale anapotaka kitu. Kokuberwa alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, macho kayafumba.

"Omukago," alisema. "Zamani wanaume wawili wakipendana kuliko ndugu, walichanjana pembeni mwa kitovu. Tunda la kahawa lina punje mbili ndani. Kila mmoja anaipaka punje yake damu ya tumboni mwake, mwenzake anaila kutoka kiganjani. Kuanzia hapo shamba lake lako, mtoto wake wako, na siri yake unaingia nayo kaburini. Ukimtaja mwenzako kwa watu, tumbo linavimba mpaka linapasuka."

"Kwa hiyo mmoja alikuwa hana mafuta..."

"Na mwingine anayo. Wakaona daktari anasumbuka bure. Damu walishakula, mafuta watayagawaje? Mtu akimuuliza yule mnene kama ni mafuta ya Rugambwa mwenyewe, atasema ndiyo. Na moyoni mwake hadanganyi."

Mustapha alibadili gia. "Basi tukamkamate."

"Kwa kosa gani? Kuwa na kovu? Atasema hajui lolote, na hatasema zaidi ya hapo hata umning'inize. Rugambwa mguu unaoza na hajamtaja." Alifumbua jicho moja. "Na mimi mzee wa kuning'iniza sina nguvu naye leo."

Mzee Mwijage walimkuta barazani kwake kati ya migomba, kanzu nyeupe, na mbele ya kanzu tumbo lililotangulia kufika kila alikokwenda. Kwenye kamba ya nguo uani zilianikwa vitenge viwili na mkanda mpana wa mpira, rangi ya ngozi, wenye kulabu za chuma. Mustapha aliutazama, akamtazama inspekta.

"Mkanda mzuri, mzee," alisema.

"Wa mgongo."

"Uliupata wapi?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

"Na aliyenipa. Kaeni, mle kahawa."

Alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Alipoinama kukipitisha, mkono mmoja ulikwenda wenyewe pembeni mwa kitovu. Kokuberwa alichukua punje, akaitia mdomoni, akatafuna taratibu. Alikuwa hajakaa kwenye kiti kizuri namna ile siku nyingi.

"Tata, mimi sikuja kukuuliza kitu," alisema. "Nimekuja kukupa habari tu. Rugambwa ni mgonjwa sana."

"Nimesikia."

"Umesikia pia kwamba huenda wakamkata mguu?"

Mkono wa mzee ulisimama juu ya kikapu. "Walisema atapona."

"Kina nani walisema?"

Mwijage alitazama migomba.

"Samahani, nimesema siulizi," alisema Kokuberwa. "Habari yenyewe ni hii. Daktari hajui mafuta yale yalitoka kwa nani, kwa hiyo hajui atibu nini. Akimpata mwenyewe akampima damu, mguu una nafasi. Na kuna binti, nesi, anaitwa Rahima. Kesho anapelekwa mahakamani kwamba yeye ndiye kavuruga. Wanasema ana mkono mzuri sana kwenye kushona."

"Mwepesi mno," alisema mzee, kisha akafunga mdomo kama aliyeingiwa na nzi.

Mustapha alinyanyua kalamu. Kokuberwa alimtikisia kichwa. Neno lile mzee angelikana kabla wino haujakauka, na wakili wa Mushumbusi angelichekea mahakamani.

"Basi," aliendelea inspekta, "jioni hii naandaa gwaride la utambulisho kituoni. Watu wazima watasimama nyuma ya shuka, watoe matumbo, nesi apite aangalie. Nimeshapata wachache. Nilikuwa natafuta wa kuongezea."

"Wanaulizwa nini?"

"Hakuna anayeulizwa neno."

"Hata jina?"

"Wanapewa namba."

Mzee alitafuna kahawa yake muda mrefu. Jogoo alipita, akaukagua mguu wa Mustapha, akaenda zake. Hatimaye Mwijage alijisukuma kutoka kitini, mkono mmoja kwenye fimbo na mmoja tumboni, akapaza sauti kuelekea ndani:

"Kofia yangu iko wapi?"

*

Mkuu wa upelelezi alisema katika utumishi wake wote hajawahi kusikia gwaride la matumbo. Kokuberwa alimwambia kanuni zinataka watu wanaofanana na mtuhumiwa, hazikusema wafanane wapi.

Mustapha alitundika mashuka mawili uani kwa kituo, moja la juu kufunika nyuso, la chini kufunika miguu, katikati pengo. Alikusanya mpishi wa kantini, karani mstaafu, mwimbaji wa besi wa kwaya ya Kilutheri, na wengine ambao hawakutaka majina yao yaandikwe. Buberwa alikuja mwenyewe bila kuitwa. "Angalau hapa linahitajika," alisema, akajipanga.

Matumbo yakatokezwa. Daktari Kamala alikuwepo, na Mushumbusi na simu zake, na mkuu mikono mgongoni. Rahima alitolewa mahabusu, askari wa kike pembeni yake. Alipoona mstari ule alitaka kucheka, ikatoka sauti kama ya kulia.

"Chukua muda wako," alisema Kokuberwa. "Hakuna anayetusukuma."

Alipita la kwanza. Alipita la pili. La mwenye bucha alilipita upesi, na nyuma ya shuka mtu alishusha pumzi ya huzuni. Kwenye la mwisho alisimama. Akachuchumaa, akasogeza uso karibu, na ghafla hakuwa mahabusu tena, alikuwa nesi.

"Hili hapa."

"Una uhakika?" aliuliza mkuu. "Kovu kama hilo baba yake huyu bwana analo pia."

"Kwenye kovu ningeweza kukosea. Huu uzi siwezi. Mimi ni wa mkono wa kushoto, afande, fundo langu hulalia upande ambao fundo la daktari halilali. Utazameni wenyewe." Aligusa pembeni kwa ncha ya kidole. Pale chini ya punje ya kahawa ulionekana uzi wa bluu, nusu umeshazama. "Ulitakiwa kutoka zamani. Ngozi imeanza kuumeza. Ndiyo maana yule mwingine hakutaka niangalie tumbo. Hakuwa na uzi wa kutolewa!"

Daktari aliinama, akatazama, akakubali kwa kichwa. Mustapha alivuta shuka la juu.

"Baba mdogo?" alisema Mushumbusi.

Mwijage alikuwa amesimama wima, kofia kichwani, kanzu imekunjwa hadi kifuani, anatazama mbele kama anayepigwa picha.

"Kwa hiyo mzee unakiri," alisema mkuu wa upelelezi, "kwamba ulijifanya Rugambwa ukatolewa mafuta kwa jina lake?"

"Mimi sijasema neno."

"Umetambuliwa mbele ya mashahidi!"

"Limetambuliwa tumbo." Mzee alimtazama kwa upole. "Mdomo wangu ulikula kiapo kabla wewe hujazaliwa, mwanangu. Tumbo halikuulizwa."

Mkuu alimgeukia Kokuberwa amsaidie. Kokuberwa alikuwa ameegemea ukuta, anasugua unyayo mmoja kwa mwingine.

Mushumbusi aliweka simu zote mbili mfukoni. Alikwenda mpaka mbele ya mzee, akapiga goti pale pale kwenye changarawe na suruali yake ya Mwanza. Hakuna aliyesikia alichosema. Alipoinuka alimwambia mkuu kwamba malalamiko yake anayafuta, na kama kuna karatasi ya kusaini aletewe.

"Mzee," alisema Daktari Kamala, "nitahitaji damu yako. Sasa hivi. Siwezi kuahidi kwamba mguu utabaki. Lakini nitajua naanzia wapi."

Mwijage alikunja mkono wa kanzu. "Chukua. Si mara ya kwanza kutoka kwa ajili yake."

"Ngoja kwanza," alisema Rahima. Alikuwa bado kachuchumaa, mkono wa askari begani mwake. "Huu uzi hauwezi kubaki. Nani ana mkasi?"

Mkuu wa upelelezi alinyoosha tai. "Haiwezekani. Mtuhumiwa haruhusiwi kushika kitu chenye ncha."

"Mtuhumiwa yupi?" aliuliza Kokuberwa.

Askari wa kike aliondoa mkono begani.

Kokuberwa aliingia ofisini, akatoa mkasi kwenye droo, akautazama kwenye mwanga. Ulikuwa wa kukatia bahasha, una gundi.

"Utachemshwa kwanza, afande," Rahima alimwambia kutoka uani. "Kabisa, usiuwahishe."

"Nimesikia," alisema Inspekta Kokuberwa, na akaenda kubandika birika, miguu mitupu kwenye saruji baridi.